WordPress bila bando: Jumamosi za miezi minane Ngamiani

Nina stesheneri ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Mwaka jana wateja wakaanza kuniulizia tovuti. Mmoja wao, baba anayekodisha viti na maturubai, alikuja ameshaumia: alilipia mwaka mzima kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, mwezi wa saba tovuti ikatoweka, simu hazipokelewi, na mkononi hana nakala hata ya ukurasa mmoja. Safari hii alitaka ajue mwenyewe mambo yanavyokwenda. Nikamwambia aje Jumamosi baada ya alasiri, na akija aje na mwenzake. Tulianza watano. Sasa tuko kumi na mmoja, na mkubwa wetu ni bi mkubwa muuza viungo mwenye miaka 61.

Programu tulizozitegemea ni mbili: WordPress, ya kujengea tovuti, na XAMPP, ya kuiendesha tovuti hiyo kwenye kompyuta yako bila intaneti. Nazipima kwa jinsi zilivyotufaa sisi: watu wa bando la kupimia, umeme wa kukatika, na kompyuta mbili za mezani kwa darasa zima.

Tuanze na linalowachanganya wengi. WordPress ninayoisema ni ile unayoipakua bure wordpress.org, ukaiweka unapotaka. Ile ya wordpress.com ni huduma ya kampuni, unajiandikisha na unakaa kwao. Kwa kundi la kujifunza chukua ya kwanza. Kijana mmoja aliuliza, kwa heshima kabisa, kama hatuibi tunapoigawa kwa flashi. Hatuibi. Tangu Matt Mullenweg na Mike Little walipoitoa mwaka 2003, wakiijenga juu ya programu ya kabla yake iliyoitwa b2, leseni yake ni GPL: nakili, badilisha, gawa, hata uza. Nilipomweleza hivyo alinakili palepale akapeleka kwao.

XAMPP ndiyo inayofanya kompyuta ya kawaida ijione seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti. Ndani yake mna Apache inayotoa kurasa, MariaDB inayotunza hifadhidata, na PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress; vitu hivi vitatu ndivyo WordPress yetu inavyoendea. Faili la kuiweka kwenye Windows ni kama MB 150, WordPress yenyewe haifiki MB 30. Nilizipakua mara moja usiku, bando likiwa rahisi, tangu hapo zinazunguka kwa flashi. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuzisifu. Mtu anaweza kujenga tovuti nzima, akaivunja, akaijenga tena, bila kutumia hata MB moja.

WordPress inajulikana kwa usakinishaji wa dakika tano. Kwetu Jumamosi ya kwanza ilikula saa mbili, na nasema hivi ili mwenye kuanzisha kundi asivunjike moyo. Kwanza Apache ilikataa kuwaka kwa sababu programu nyingine ilishakalia mlango namba 80. Tukafungua faili la httpd.conf, mahali palipoandikwa Listen 80 tukaweka 8080, na kuanzia hapo anwani yetu ikawa localhost:8080. Kisha ikaja fomu ya hifadhidata. Kwenye XAMPP mtumiaji ni root na nywila haipo, sanduku unaliacha tupu. Hakuna aliyeamini. Kila mtu aliandika kitu, kwa sababu tumefundishwa maisha yote kwamba kwenye nywila lazima uandike kitu. Niliwaambia pia, na narudia hapa, kwamba hilo ni la kompyuta ya mazoezi tu. Ukienda hewani hivyo umewaachia watu mlango wazi.

Sasa umeme. Jumamosi ya nne umeme ulikatika katikati ya somo, kompyuta zikazimika zote. Uliporudi tukabonyeza Start kwenye mstari wa MySQL, jina ambalo XAMPP inaiitia MariaDB. Rangi ya kijani ikatokea sekunde mbili, ikafutika, chini yakatoka maandishi mekundu kwamba MySQL imezimika ghafla. Ukurasa wa bi mkubwa, aliouandika wiki tatu kwa kidole kimoja, ulikuwa humo. Aliniangalia tu, hakusema neno.

Dawa yake naiandika yote kwa sababu itakukuta. Ingia folda ya xampp, kisha mysql. Humo kuna folda inayoitwa data. Ibadilishe jina, iite data_zamani. Usiifute. Kuna nyingine inaitwa backup; inakili, nakala uiite data. Sasa rudi kwenye data_zamani, chukua folda za hifadhidata zako wewe, zile ulizozipa majina, pamoja na faili moja linaloitwa ibdata1, uvibandike kwenye data mpya. Folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin ziache zilipo. Washa. Kijani ikakaa. Bi mkubwa akafungua ukurasa wake, akausoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, mdalasini, iliki, karafuu, akahakikisha hakuna kilichopungua.

Tangu siku hiyo kila somo linaisha kwa nakala. Tovuti ya WordPress imekaa sehemu mbili, na mtu asipolielewa hili atapoteza kazi yake siku moja. Maneno yako yako kwenye hifadhidata. Hayo unayatoa kwa Export ya phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata unaokuja na XAMPP. Picha, plagini (programu ndogo za kuiongezea WordPress uwezo) na mwonekano viko kwenye folda ya wp-content. Hiyo unainakili ilivyo. Ukiwa na moja bila nyingine una nusu ya tovuti. Nakata nyota XAMPP hapa: programu inayopewa wanaoanza ingetakiwa kustahimili kuzimika ghafla vizuri zaidi ya hivi.

Somo lililotufungua macho lilitokea tulipompeleka bi mkubwa hewani. Tulinunua nafasi kwenye seva, tukahamisha kila kitu, akafungua kwenye kompyuta yangu: viungo vyote vinaonekana. Akafungua kwenye simu yake: maneno yapo, picha hakuna, vijisanduku vitupu. Akasema, “Mwanangu, hivi vitu viko dukani kwako tu.” Na alikuwa sahihi kabisa. Anwani za picha zilikuwa bado zinaanza na localhost, na localhost maana yake ni kompyuta hii hii. Kompyuta yangu ilikuwa inajichotea picha kwenye diski yake, XAMPP ikiwa inawaka. Simu ilipojiuliza yenyewe haikuwa na kitu. Nilikuwa nimeeleza neno hilo mara tatu na mchoro ubaoni, halikuingia. Liliingia siku hiyo, kwa wote kumi na mmoja.

Usizibadilishe anwani hizo kwa kufungua faili la hifadhidata na kubadilisha neno kwa neno. WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na hesabu ya herufi zake; ukibadilisha neno na hesabu ikabaki ya zamani, mipangilio inaharibika. Sisi tulitumia plagini ya Better Search Replace, ambayo inazijua hesabu hizo. Ina hatua ya kujaribu kwanza bila kubadilisha chochote, ianze hiyo.

Kuhusu kihariri cha vibloku, yaani cha kupanga ukurasa kipande kwa kipande, kilichokuja na toleo la 5.0 Desemba 2018, kundi limegawanyika. Mwalimu wetu wa sekondari anakipenda, anapanga kurasa kama anapanga ubao. Mimi nakiona kizito kwenye kompyuta yenye RAM ndogo, na kwenye skrini ya simu kinachosha. Tunao wawili wanaotumia Classic Editor, plagini inayorudisha kihariri cha zamani, na wanaandika haraka kuliko sisi wote.

Hitilafu nyingine ya kawaida ni ule ujumbe kwamba tovuti imepata kosa kubwa. WordPress inasema angalia barua pepe, lakini kwenye XAMPP barua pepe haitoki mpaka uipangie. Usingoje. Nenda wp-content, kisha plugins, badilisha jina la folda ya plagini uliyoiweka mwisho. Itajizima, na kama kosa lilikuwa lake tovuti itarudi. Nimewaachia wanafunzi walifanye wenyewe mara nyingi, na sasa ule ujumbe hauwatishi.

Kuna pia WordPress Playground, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Ni nzuri kumwonyesha mgeni ndani ya dakika moja. Kwetu haikufaa kama darasa, maana inataka intaneti, na usipohifadhi, ukifunga ukurasa kazi imekwenda.

Kundi lenyewe lina kanuni moja ninayoisimamia kwa ukali: kipanya anashika asiyejua. Anayejua anaongea tu, mikono mgongoni. Vijana wawili walilalamika kwamba tunachelewa, na ni kweli tunachelewa. Lakini kabla ya kanuni hiyo vijana walikuwa wanamalizia kazi za wazee kwa sekunde kumi, na wazee wanarudi nyumbani na kile kile walichokuja nacho. Kila mtu anatoa shilingi 2,000 za umeme na chai. Kwa wanaotaka kwenda mbele, WordPress wana mpango wa makundi ya mitaa, mradi wenyewe unalipia ukurasa wa Meetup, tovuti ya kuitishia mikutano, kwa masharti kwamba mkutano uwe wazi kwa kila mtu na uendeshwe kwa kujitolea. Sisi bado ni wadogo, ila masharti hayo tumeshayachukua.

Tahadhari moja kwa wanaotaka blogu ya habari: tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 suala la leseni lipo Tanzania, na kanuni zimebadilishwa baadaye. Pita TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, uulize kabla hujachapisha.

WordPress naipa nyota nne na nusu. Nusu imekatwa na kihariri. XAMPP nyota tatu na nusu, na kama una uwezo nunua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kama unachotaka ni kuandika tu na huna haja ya kujua kilicho chini, Blogger itakutosha na haina gharama. Wanablogu wengi wa Kitanzania walianzia huko. Ila ukitaka watu wa mtaani kwako wajue, kaa nao kwenye kompyuta isiyo na intaneti.

Yule baba wa viti na maturubai alirudi hewani mwezi wa tatu, seva nyingine. Ana flashi mbili sasa, moja imefungwa na funguo za pikipiki, nyingine iko kabatini kwa mkewe, na kila mwisho wa mwezi anapita dukani kuzilinganisha.