Mürren, Uswisi: kijiji cha theluji kwa familia ambayo nusu yake haiskii

Mürren hakuna gari linalofika. Kijiji kimekaa juu ya jabali, mita 1,638 kutoka usawa wa bahari, na barabara inaishia chini kabisa, bondeni. Ndiyo sababu niliwachagulia huko wifi yangu na wanawe walipokuja kutoka Dar, pamoja na mama mkwe, ambaye kabla hata ya kupanda ndege alishatangaza kwamba hakuja Ulaya kuvunja nyonga.

Basi swali la kwanza, kabla hujalipia chochote: wangapi kati yenu wataskii kweli, yaani kuteleza mlimani kwa zile mbao ndefu za miguuni? Watu hupanga kana kwamba wote watakuwa mlimani asubuhi hadi jioni. Mgeni wa theluji akifundishwa asubuhi, mchana mapaja yanawaka moto na anachotaka ni chai. Pale penye miteremko mikubwa na muziki wa kelele, asiyeskii hubaki hotelini akikodolea simu. Mürren imemfikiria huyo. Kuna njia ya miguu kutoka Grütschalp kupitia Winteregg hadi kijijini, karibu tambarare, theluji yake husawazishwa na mashine, na mbele yako zimesimama Eiger (mita 3,967) na Jungfrau (mita 4,158). Mama mkwe aliitembea na fimbo yake na ile miiba ya mpira inayovishwa viatuni, taratibu, akisimama kila anapotaka. Mnunulie mzee wako hiyo miiba kabla ya koti.

Kufika: sisi tunaishi Basel, na treni ya moja kwa moja hadi Interlaken Ost huchukua kama saa mbili. Hapo unabadilisha treni ya Lauterbrunnen, dakika 20 hivi, kisha gari la waya, yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, hadi Grütschalp, kisha katreni kadogo kanakopita ukingoni mwa jabali. Mara tatu kubadilisha, mkiwa na watoto na masanduku. Njia ya pili ni kupitia Stechelberg, ambako tangu Desemba 2024 kuna gari jipya la waya linalopanda moja kwa moja hadi Mürren. Mteremko wake unazidi asilimia 159, yaani ni kama unavutwa ukutani. Mwenye kuogopa urefu apitie Grütschalp, asione haya.

Wageni kutoka nyumbani nawashauri wapige hesabu ya Swiss Travel Pass, ile tiketi moja ya wageni ya kusafiria Uswisi nzima, kabla ya kununua tiketi mojamoja. Inafika hadi Mürren, na mtoto wa chini ya miaka 16 husafiri bure akiwa na mzazi, mkiomba kadi ya familia. Haiingii kwenye lifti za kuskii. Hizo zina tiketi yake.

Viza ni ya Schengen. Ombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka Januari asingoje Novemba. Bima lazima ifikie euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za bei nafuu haziingizi michezo ya baridi, na ukivunjika mguu juu mlimani usafiri wako ni helikopta.

Sasa vifaa. Usinunue, kodi kijijini. Kiatu cha skii kikikaa vizuri huwezi kukipenda: ukisimama wima vidole vigusane na ncha, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Kikiwa cha raha dukani, mlimani mguu utaogelea ndani na skii hazitakusikiliza. Halafu mtu wa duka atakuuliza kilo. Taja kilo zako za kweli, dada yangu, hata kama shemeji amesimama pembeni! Kwa uzito huo ndipo anapokaza kibanio kinachoshika kiatu. Kikiwa na mkazo usiokufaa, skii itagoma kuchomoka unapoanguka, au itachomoka ovyo. Ndani vaa sufu au nguo za michezo, si pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki. Jinzi iache nyumbani. Glovu za watoto ziwe jozi mbili.

Kuhusu kuskii kwenyewe niseme wazi: aliyeanza leo atapata miteremko laini upande wa Allmendhubel na Winteregg, lakini si mingi. Hapa Uswisi njia ya bluu ndiyo rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi ya wenyewe. Kileleni Schilthorn, mita 2,970, panda kwa gari la waya ukale kwenye mgahawa unaozunguka, kisha ushuke kwa gari hilohilo; njia ya kuteremka kutoka pale haina masihara. Wanangu na wa wifi walichopenda zaidi si skii, ni sleji, kile kigari kisicho na magurudumu unachokikalia ukateleza. Unapanda Allmendhubel kwa katreni ka mlimani, unajiachia hadi kijijini, unarudi tena.

Mtelezaji hodari naye atamaliza njia za Mürren upesi. Tiketi ya eneo zima la Jungfrau inamruhusu kwenda Wengen na Grindelwald, ila lazima ashuke kwanza Lauterbrunnen halafu apande upande wa pili, na asubuhi nzuri inaliwa humo.

Chakula: kwa Waislamu, fondue hupikwa na mvinyo mweupe, na mara nyingi hutiwa kirsch pia, pombe kali ya matunda ya cheri. Raclette ni jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, haina shida, ila kando yake wanaweza kuweka nyama ya nguruwe. Rösti ni viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa. Sema mapema usitiliwe bekoni. Sisi tulikodi nyumba yenye jiko, kuku wa halali na tangawizi tukanunua Basel, na usiku tukala pilau. Duka la kijijini lipo, ila mchele wa pilau usiutegemee.

Tarehe ni muhimu kuliko hoteli. Epuka wiki ya mashindano ya skii ya Inferno mwezi Januari, yaliyoanza mwaka 1928 na sasa huleta watu zaidi ya 1,800 kwenye kijiji chenye wakazi mia nne hivi. Epuka pia likizo za shule za Februari. Nusu ya kwanza ya Machi ndiyo ninayoipenda mimi: siku ni ndefu, jua linachoma mpaka unavua kofia, na bado juu theluji ni nene.

Siku ya kurudi, msipange ndege ya mchana. Upepo ukichachamaa magari ya waya husimama, na hakuna teksi ya kuita.