Programu ya kutafsiri iliyonikosesha ndege Guangzhou

Nyota moja. Nimelipia mwaka mzima kwa hiyo nina haki ya kusema, na nitasema yote.

Mimi nachukua mzigo China, viatu na mikoba, kwa ajili ya duka Kariakoo. Safari za nyuma nilikuwa naenda na shoga yangu ambaye Kichina anakiongea. Safari hii amejifungua, nikaenda peke yangu. Tafsiri niliyoizoea hapa nyumbani ni ya Google, na kule huduma za Google zimefungwa, ndiyo maana nikalipia hii nyingine. Walitangaza inajua Kiswahili cha kusema na cha kuandika. Nikaamini.

Sokoni sikuihitaji sana. Pale Sanyuanli muuzaji anakuandikia bei kwenye kalkuleta, unafuta, unaandika yako, mnavutana hivyo hivyo mpaka mnaelewana. Shida ilikuja siku ya kuondoka.

Mchana ule kuna dereva, mzee wa makamo, alinitoa sokoni akanirudisha hotelini maeneo ya Xiaobei. Mtaratibu, akanishushia mabegi mwenyewe. Nikaona huyuhuyu ndiye anipeleke uwanja wa ndege. Nikashika simu nikasema polepole, kila neno peke yake: "Leo usiku saa nne, nichukue hapa, nipeleke uwanja wa ndege." Simu ikasema Kichina chake. Yule mzee akauliza kitu, simu ikanisomea: "Usiku sana?" Nikamjibu ndiyo, usiku.

Na bado sikuridhika. Nikasema ngoja nihakikishe kwa mdomo wangu. Saa nne yetu ya usiku wao wanaiita kumi, hilo nalijua, na namba moja mpaka kumi nilishazikariri kwa ajili ya soko. Kumi ni *shi*. Nikamwambia: *shi*. Akatikisa kichwa kukubali: *shi, shi*. Tukaagana vizuri kabisa.

Saa nne ikafika, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Ndege yangu ya kupitia Addis Ababa ilikuwa ya saa sita na nusu usiku. Nikamfuata binti wa mapokezi, nikamwuliza kwa simu dereva wangu yuko wapi. Hakuinua hata macho. "*Meiyou*." Hakuna. Nikamwomba aniitie gari, nikasubiri, akaendelea na simu yake. Nilimchukia yule binti jamani, sikufichi. Mgeni, mwanamke, mabegi mawili ya kilo 23 kila moja na furushi juu, na mtu anakujibu neno moja!

Nikayaburuta mwenyewe mpaka barabarani. Nilivyopata teksi ilikuwa saa tano imeshapita. Nafika uwanjani saa sita kasorobo, kaunta wamefunga. Kubadilisha tiketi ni zaidi ya dola 200, hela ambayo nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya ushuru wa mzigo. Nikarudi hotelini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Chumba nilishakikabidhi, nikakaa kwenye kochi pale mapokezi. Nikampigia dada yangu Dar, kwao saa mbili usiku, nasikia taarifa ya habari inasomwa nyuma yake, nikalia. Nikamlaani yule dereva kwa maneno ambayo hapa siyaandiki.

Saa kumi alfajiri mlango ukafunguliwa. Ni yeye. Koti mwilini, chupa yake ya chai mkononi, anatabasamu. Ametoka kitandani kwake kunifuata mimi.

Nikampandishia sauti. Na yeye akanipandishia. Ananionyesha saa ya ukutani, ananyoosha vidole vinne. Mimi namnyooshea vidole vyote kumi. Yeye vinne, mimi kumi. Halafu akakunja mikono akapitanisha vidole viwili kama msalaba, anatingisha kichwa kukataa. Msalaba ule ndiyo kumi kwa vidole vya Kichina, sikuwa najua. Ni yule binti wa mapokezi aliyeinuka, akachukua karatasi, akaandika 22:00, akanielekezea mimi. Akaandika 4:00, akamwelekezea dereva. Tukanyamaza wote watatu.

Programu ilichukua "saa nne" ikasema nne. Basi. Nne ya kwao, ambayo ni saa kumi alfajiri kwetu. Na ile *shi* yangu? *Shi* ya sauti inayopanda ndiyo kumi, *shi* ya sauti inayoshuka ni "ndiyo", na nne ni *si*, ambayo watu wengi wa kusini kule wanaitamka karibu sawa na kumi. Mimi nilisema kumi, yeye alinisikia nasema ndiyo, na akanijibu ndiyo. Kosa la *shi* ni langu, nalibeba. Mimi nimejifunza Kichina kwa kusikiliza bei za viatu.

Lakini saa? Saa si kosa langu! Mtoto wa darasa la kwanza wa huku anajua kwamba jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Toka Lamu mpaka Mtwara ndivyo tunavyosema. Hili si neno la mtaani lililozuka juzi. Unawezaje kuuza programu kwa Waswahili ukawaambia unajua lugha yao, halafu hujui saa ngapi? Ina maana hakuna mtu hata mmoja aliyekaa na Mswahili akamwuliza unaamka saa ngapi.

Kwa haki niseme na hili. Siku ya tatu tumbo liliniuma vibaya, nikaenda duka la dawa pale karibu, na programu hiihii ilinieleza vizuri mno. Niliharisha tangu lini, nimekula nini, dawa kutwa mara mbili baada ya chakula. Mfamasia alinielewa, nami nikamwelewa. Bila hii sijui ningefanyaje peke yangu. Siku ile ningetoa nyota tano. Nilipoanza kuandika hapa nilifikia kubadilisha ziwe mbili, au hata tatu.

Halafu nikakumbuka jibu lao. Niliwaandikia mara tu niliporudi, nikawaeleza saa zetu moja baada ya nyingine. Wakanishukuru kwa maoni yangu, wakanishauri nitaje muda "kwa usahihi zaidi". Mimi nilitaja muda kwa usahihi. Nyota inabaki moja.

Dereva nilimlipa. Hakudai, aligeuka aondoke, nikamkimbilia mlangoni na yuan 120 tulizokubaliana mchana. Akachukua nusu, nyingine akanirudishia mkononi. Binti wa mapokezi akaniletea kikombe cha maji ya moto kama wanavyokunywa wao, akanifunika na shuka mpaka kumekucha. Hoteli ile nilikuwa nimepanga kuja kuisema vibaya hapa, na sijaisema.

Mwezi ujao naenda tena, bado peke yangu, mtoto wa shoga yangu hajaachishwa. Saa sasa naandika kwa tarakimu kwenye karatasi. Kama kuna mwenzangu anayechukua mzigo huko na anatumia programu inayojua saa zetu, naomba aniandikie jina lake.