Pazia la Chumba Kimoja Mombasa: Nenda Dukani na Sumaku

Mwezi wa tano, mvua imeshika kwelikweli, nilishusha pazia la dirishani nilifue. Juu kule nikakuta miduara minane ya rangi ya chai imejipanga, mmoja kila penye pete ya kupitishia fimbo. Kutu. Na pazia lenyewe lilikuwa halijamaliza nusu mwaka. Nililitolea shilingi 3,500, rangi ya krimu, lile ambalo kwenye picha linafanya chumba kifanane na hoteli ya Diani. Jua lilipochomoza Jumamosi nikalikamulia ndimu, nikalitia chumvi, nikalianika kama bibi alivyonifundisha. Madoa yakafifia, hayakutoka. Pale kando ya pete kitambaa kilikuwa kimeshalika. Nilipokivuta kidogo kikachanika kama chapati.

Mimi nimepanga chumba kimoja Kisauni, jiko pembeni. Chumba cha namna hii hakina cha kupambwa zaidi ya pazia. Ukuta ni wa mwenye nyumba na msumari hataki kuusikia, sakafu yote imekwisha kwa kitanda na kochi. Pazia ndilo linalotenga kitanda na wageni, ndilo linaloficha masufuria na mtungi wa gesi, na mchana ndilo mlango wenyewe, maana kwa joto letu nani atafunga mlango wa mbao saa nane? Ukiwa na elfu mbili tatu za kupamba, achana na maua ya plastiki na stika za ukutani. Zote tia kwenye pazia.

Habari ya rangi ilingane na kochi, na pazia lianzie karibu na dari ili chumba kionekane kirefu, mmeshaisoma kwa kila mtu. Mimi nataka kusema habari ya pete, maana sijaona anayeisema.

Pete nyingi za mapazia ya tayari ni bati la chuma lililopakwa mng'aro juu. Nairobi labda zinadumu. Huku hewa ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ikipata mkwaruzo mmoja tu wa fimbo ya pazia basi kutu imeingia. Kusi ikianza kuvuma, dirisha linaloelekea baharini halikauki wiki nzima. Fimbo nazo ni yale yale: chuma ndani, rangi ya dhahabu nje, ncha zimekatwa wazi. Hata ule waya wa springi uliovikwa plastiki, ambao kila fundi anakupendekezea, ndani ni chuma na unaanza kuoza kwenye kulabu.

Kwa hivyo sasa natembea na sumaku mkobani, niliitoa kwenye spika mbovu ya redio. Juzi nimeingia duka moja mjini, kijana ananiambia, "Dada, hizi pete ni shaba tupu." Nikaisogeza sumaku. Ta! Ikaganda. Akaitazama, akanitazama. "Ni shaba ya kuchanganywa, dada." Nikamwambia haya, kaka, na mimi pesa zangu ni za kuchanganywa. Shaba haishikwi na sumaku, alumini haishikwi, plastiki ndiyo kabisa. Ikiganda, rudisha pazia mahali pake.

Haya, tuyapange mapazia, bora kwanza.

Namba moja, na sitajifanya sina upande: leso. Tena si leso yoyote, ni Mali ya Abdulla, za Kaderdina pale Biashara Street, nyumba ya biashara iliyoanza 1887. Mama yangu amevaa hizo, bibi yangu amevaa hizo, na mimi sasa nazivalisha dirisha. Tazama ukingoni utakuta chapa hiyo ya Mali ya Abdulla kwa herufi ndogo. Isipokuwepo, umeuziwa ya kuigiza. Ni pamba, upepo unapita, na haina pete hata moja: unapinda upande wa juu, unaacha njia ya vidole viwili, unapitisha unachotaka.

Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hivyo dirisha la kawaida linatoshwa na moja na ya pili inabaki. Mlango ndio una hesabu. Ukiigeuza leso isimame wima, jina, yaani yale maneno ya leso, litalala ubavu na wageni watasoma shingo upande. Zikate zitengane, moja iwe juu na nyingine chini yake, fundi azishone mbavu kwa mbavu. Hapo una zaidi ya mita mbili kwenda chini, pindo zinakutana katikati kama mshipi, na majina yote mawili yamesimama sawasawa. Ukipinda juu na chini inafika mlango bila kufagia sakafu.

Kabla ya kukata, fua. Leso mpya imejaa wanga, inasimama yenyewe kama kadibodi, na ikifuliwa hupungua kidogo. Loweka peke yake, maji baridi, nyekundu usiichanganye na kitu. Dirisha la magharibi litaipausha, hilo sikufichi. Ndiyo maana nikasema ya pili inabaki.

Na soma jina! Mimi nilipenda maua, zambarau na manjano, nikaitundika mlangoni ikitazama ukumbini. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Mlango wangu na wa mama wa chumba cha pili inatazamana. Wiki mbili hakunijibu salamu, na mimi najiuliza nimekosa nini, mpaka mtoto wake akaja kuniuliza, "Auntie, mamangu amekufanya nini?" Siku hiyo hiyo nikaigeuza ndani, nikapeleka sahani ya mahamri.

Namba mbili ni kikoi. Kimefumwa, rangi ni moja mbele na nyuma, hakina maneno ya kukugombanisha na watu, na ni kizito kiasi kwamba usiku taa ikiwaka hutaonekana kivuli ukivaa nguo. Hapo kinaishinda leso, nakubali. Kinachokishusha ni bei: kikoi kimekuwa kitu cha watalii, na muuzaji akikuona na mkoba mzuri anaanza bei ya mgeni. Ongea Kiswahili tangu mlangoni, tena cha hapa hapa.

Namba tatu, mapazia ya mitumba ya soko la Kongowea. Kitambaa kizuri sana, mara nyingi kina bitana, lakini uamke mapema na uwe na mkono wa kufukua. Chagua yale yenye mkanda wa kushonea kulabu juu, kisha nunua kulabu za plastiki. Yakiwa na pete, sumaku.

Za mwisho ni zile nzito zisizopitisha mwanga, za mtandaoni, kama langu la krimu. Zinafunga jua, ndiyo, na upepo pia, ukilala unatokota. Zile za shanga za plastiki za bei ya chini zinakushika nywele, basi.

Lakini hasira yangu kubwa si pazia, ni "bei inbox". Picha nzuri, watu hamsini wanauliza bei hadharani, wote wanajibiwa "inbox, dear". Ukienda inboksi unaulizwa kwanza unaishi wapi. Nikisema Nyali ni bei moja, shoga yangu akisema Likoni ni nyingine. Tulijaribu, siku moja, pazia moja. Halafu utume pesa kwanza, kisha mtu hapokei simu. Wa Biashara Street nao wakiikaribia Idi wanajua utanunua tu. Nunueni Idi ikishapita.

Kilichobaki ni cha kutundikia. Leso ni nyepesi, kwa hivyo mimi nimetumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mnene, nimeufunga kwenye skrubu mbili za shaba zilizokuwa ukutani tangu mpangaji wa kabla yangu. Hulegea, kila mwezi nauvuta. Kwa kikoi au mtumba chukua bomba la maji la plastiki, la robo tatu, maana la nusu inchi likizidi mita moja na nusu linapinda tumbo. Mwambie wa hadiwea akukatie kipande, usikubali kuuziwa bomba zima. Wangu alikataa, akasema hauzi vipande, na nyuma yake nimeona vipande vitatu vimesimama.