Povu la maziwa ya kahawa: chupa ya jamu au kimashine cha betri?

Chupa tupu ya jamu haikugharimu kitu. Tia maziwa baridi, yasizidi theluthi, funga, tikisa kwa nguvu kama sekunde 45, kisha fungua uyapashe moto kwenye maikrowevu. Povu hupanda, ila viputo vyake ni vikubwa na hupasuka upesi. Tafadhali usitikise maziwa ya moto humo: mvuke husukuma kifuniko, utaungua.

Kimashine cha betri, kile cha mkononi chenye kichwa cha waya kinachozunguka, hupiga maziwa yaliyokwisha kupashwa hadi nyuzi 60 au 65 za Selsiasi. Ukipita 70, utamu wake hupungua. Anzia juujuu ili hewa iingie, halafu zamisha kichwa hicho: povu huwa laini kama krimu. Kwa kapuchino ya kila asubuhi nachagua hiki, bila kusita.