Mombasa au Unguja kwa wikendi ya kutembea?

Anayetoka Nairobi, nauli inaipendelea Mombasa: treni ya SGR hadi Miritini, kisha matatu. Anayetoka Dar, boti ya Unguja ni kama saa mbili, ila msimu wa kusi bahari huchafuka.

Kwa majengo, Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, haina mpinzani Unguja. Lakini kule Mji Mkongwe mzima ni kivutio: vichochoro, milango ya nakshi, wazee barazani na kahawa yao.

Chakula? Hapa siamui. Urojo wa Unguja nimeula nikiwa nimesimama: mchuzi wa njano wenye ukali wa embe, bhajia zikilowa taratibu, chipsi za muhogo zikibaki kavu juu. Nikaagiza tena. Mombasa nako kuna viazi karai kwa ukwaju, na mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi. Ukiwa Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku kule Unguja, uliza bei kabla ya kuchagua mshikaki.

Muziki, moyo wangu uko Unguja, nyumbani kwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa tangu 1905. Mombasa taarabu tamu iko harusini. Ukiwa na mwenyeji wa kukualika, nenda huko bila kusita.