Kulikabili wazo au kulihoji: tiba mbili za mawazo yanayojirudia

Chukua mfano wa mama wa Kirumba, jijini Mwanza, ambaye, kila apandapo kivuko cha Kamanga, hujiwa na wazo la kumtupa mwanawe ziwani, wazo linalomtisha hata akaacha kusafiri, ilhali hana nia hiyo kamwe. Huu ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila hiari (OCD), na una tiba mbili.

Tiba ya kukabili hofu na kuzuia matendo ya kujituliza, iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer ya mwaka 1966 nchini Uingereza, humrudisha hatua kwa hatua: kwanza asimame ufukweni na mtoto, kisha apande kivuko, bila kurudia dua ileile mara saba wala kumuuliza mumewe kama yeye ni mama mbaya, mpaka ajionee kwamba hofu hupungua yenyewe na kwamba wazo si tendo. Ni tiba ngumu, na wengine huiacha njiani.

Tiba ya utambuzi, ambayo mwanasaikolojia Paul Salkovskis aliijengea msingi mwaka 1985, huhoji maana ambayo mama huyo hulipatia wazo hilo, kwa kuwa hata watu wasio wagonjwa hupitiwa na mawazo kama hayo.

Mimi ningeanza na ya kwanza, yenye ushahidi mpana zaidi, ila kwa mama aliyelemewa na aibu, ya pili imtangulie.