Dawa ya masikio ya mbwa iliyoandikwa "inatibu": yaliyonikuta mimi na Tomi

Siandikagi mambo ya kusifia au kuponda bidhaa, lakini hii imenikaa rohoni, wiki kadhaa zimepita na bado nikiiona ile chupa nashikwa na hasira upya. Ni ile ya kusafishia masikio ya mbwa, ina picha ya mbwa mbele, na chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa: inasafisha, inaondoa harufu, inatibu. Hilo neno la mwisho ndo lililonifanya nitoe hela yangu.

Tomi ana masikio makubwa yanayolala, na akiogeshwa yanachelewa kukauka. Alianza kutikisa kichwa, mi nikajua mdudu kaingia atatoka mwenyewe. Afu akawa anajikuna na mguu wa nyuma huku anaguna, na jioni moja kaniwekea kichwa mapajani nikalifunua sikio la kulia nikashtuka. Ndani jekundu, limevimba, lina uchafu wa kahawia unaonata kama grisi, na harufu yake ni ya unga uliochacha. La kushoto lilikuwa safi tu, nta kidogo.

Kwa hiyo nikanunua hiyo dawa nikafuata maelekezo neno kwa neno. Mdogo wangu kamshika, nikamimina kwenye lile sikio bovu. Jamani. Tomi hakubweka, alilia. Kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake toka nimemchukua akiwa mdogo wa kutosha kwenye kiganja. Akajichomoa, akagonga mguu wa meza, akaingia uvunguni mwa kitanda akawa anajisugua kichwa sakafuni, na mimi nimepiga magoti pale nje namwita hatoki. Alikaa huko mpaka usiku.

Nikanusa chupa. Spiriti tupu! Nikaigeuza nyuma, kwenye yale maandishi ambayo ilibidi nipige picha na simu niyakuze ndo niyasome, alikoholi imetajwa ya pili tu baada ya maji, na mstari wa mwisho kabisa unasema usitumie kwenye sikio lenye kidonda au wekundu. Sasa naomba mtu anieleze. Mbele inatibu, nyuma usiweke kwenye sikio linaloumwa. Inamtibu nani? Sikio zima linatibiwa nini?

Nikampigia muuzaji. Na nasema kweli nilianza kwa upole, nikamwambia kaka samahani, ile dawa imemuunguza mbwa wangu, naomba ushauri nifanye nini. Anajibu, "Dada, mbwa ni mbwa, mshike vizuri tu, wenzako wanatumia hawalalamiki." Nikamuuliza kuhusu lile onyo la nyuma, mbona mbele mmeandika inatibu, akasema "Kwani ulitaka tuandike kitabu kwenye chupa?" akakata simu. Nikapiga tena hakupokea. Mbwa ni mbwa. Hilo neno nililala nalo, nikaamka nalo. Mtu anauza dawa za mbwa, anakula kupitia mbwa, afu anasema mbwa ni mbwa.

Kesho yake nikampeleka Tomi kwa dokta wa mifugo, na hapa lazima niseme yule baba Mungu ambariki. Hakumvamia. Kwanza kakaa naye chini, kamwacha amnuse mikono, ndo akachukua kile kimulimuli cha kuangalia ndani ya sikio. Akaniambia anatafuta ngoma ya sikio kama ni nzima, kwa sababu kama imetoboka, kile nilichomimina kingepita mpaka ndani, na huko mbwa anaweza kupoteza usikivu, au akawa anayumba na kichwa kimepinda upande. Nilihisi baridi mwili mzima. Namshukuru Mungu ilikuwa nzima.

Afu akapaka ule uchafu kwenye kioo, akaweka rangi, akaniita nichungulie kwenye hadubini yake. Nikaona vidude vingi kama nyayo ndogondogo za viatu, akasema mama hizo ni fangasi. Kumbe fangasi hao wanaishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote kwa kiasi kidogo, ila sikio likiwa na joto na unyevu, au mbwa akiwa na aleji, wanazaliana mpaka inakuwa ugonjwa. Ingeweza pia kuwa bakteria au utitiri, na kila kimoja kina dawa yake, ndo maana hakuna mtu anayeweza kujua kwa kuangalia rangi ya uchafu nyumbani. Na neno inatibu peke yake halikwambii inatibu kipi, hata waandike kwa herufi za ukubwa gani.

Nilichojifunza kwake naandika kwa sababu kwenye lebo hakimo. Njia ya sikio la mbwa haijanyooka kama yetu, inashuka chini kwanza halafu inakata kona kwenda ndani. Mi nilikuwa na vijiti vya pamba kwenye mkoba, kavitoa akaviweka pembeni, akasema hivi vinashindilia uchafu kwenye kona. Akanipa kisafishio kisicho na alikoholi na matone ya fangasi. Siku hizi nakishika kichupa mikononi mpaka kipoteze ubaridi, kwa sababu kitu cha baridi kikiingia ghafla mbwa anaruka. Nalivuta sikio juu taratibu, namimina mpaka njia ijae, kisha nakanda pale chini ya sikio kama nusu dakika mpaka nasikia ile chwap chwap ya maji. Hapo namwachia atikise kichwa, na lazima uwe na taulo maana uchafu unaruka mpaka ukutani. Pamba napitisha pale kidole kinapofika tu. Nasubiri pakauke kidogo ndo naweka matone.

Siku ya nne harufu ilikuwa imekwisha, nikampigia dokta nikamuuliza naweza kuacha, akasema hapana mama, malizia wiki mbili uje nipime tena, ukiacha saa hizi wale waliobaki watarudi. Nikamalizia. Alivyopima tena kioo kilikuwa safi, na mi nilitokwa na machozi pale pale mbele ya watu.

Sasa kwenye ile dawa yao, nitende haki. Siku ile ile kabla ya kumimina kwenye sikio bovu nilianza na la kushoto, lile zima, na lilitakata vizuri sana, likakauka haraka, Tomi hata hakujali. Kwa hiyo siwezi kusema ni maji tu au ni utapeli moja kwa moja. Kama mbwa wako masikio yake ni mazima kabisa na unataka kutoa nta tu, labda itakufaa. Wangeandika inasafisha wakaishia hapo, leo ningekuwa nawasifia.

Lakini hapana, naona nawaonea huruma bure. Kwa sababu ile chupa kifuniko chake kinafanya tak! kikifunguliwa, na mpaka leo Tomi akisikia tak yoyote, hata ya chupa ya maji ya kunywa, anainuka anaenda uvunguni. Sikio lilipona kwa wiki mbili, hii hofu haijapona. Dawa ya dokta ilibidi niwe naifungulia chumba kingine naificha kwenye kanga, ndo nakaa sakafuni namsubiri aje mwenyewe. Siku za mwanzo nilisubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Juzi ndo kwa mara ya kwanza kaja bila kuitwa, kanusa mkono wangu muda mrefu, akalala ubavu, sikio la kulia likiwa juu.

Usinunue. Nimesema labda huko juu, nalifuta. Na yule kaka kama anasoma, chupa ipo kwenye boksi lake, imepungua kidogo tu, hela yangu naitaka, na hilo neno lake nataka aje alirudie mbele ya Tomi.